Pipi za chai ya viungo: kwa nini zinageuka mchanga, zinanata na kupoteza harufu ya iliki

*"Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Asubuhi nauza chai ya viungo na vitumbua, na wateja wangu wengi wanaisifia chai. Nikapata wazo la kutengeneza pipi zenye ladha ya chai yangu, mteja akinywa aondoke na mbili tatu. Nimefuata video za mtandaoni lakini sifanikiwi. Mara ya kwanza shira ilikuwa nzuri, nilipoanza kuimimina ikageuka mchanga. Mara ya pili nikaikamulia malimao mawili kama nilivyoshauriwa. Mchanga haukutokea, ila siku ya tatu pipi zote zilikuwa zimenata kwenye karatasi. Mara ya tatu zikawa ngumu vizuri, lakini zina harufu ya kuungua na iliki haisikiki kabisa, wakati niliweka nyingi. Nikajaribu kuweka maziwa, yakakatika. Kipimajoto ninacho, video inasema nyuzi 150 na nilifuata. Natumia jiko la mkaa. Je, tatizo ni sukari yetu? Na nikitumia asali badala ya sukari, mama yangu mwenye kisukari ataweza kula?"*

Dada yangu, pole. Sukari si kitu cha kumwaga, na mtu anayeuza chai anaijua thamani yake kuliko wengine. Lakini maelezo yako yamenisaidia sana, kwa sababu umesema kila jaribio lilivyoharibika, na kila moja limeharibika kivyake. Mchanga una sababu yake, kunata kuna sababu yake, harufu ya kuungua ina yake na maziwa kukatika yana yake. Ulichokuwa unafanya ni kutibu tatizo moja kwa dawa iliyoleta jingine. Tukizitenganisha utaona hakuna hata moja inayodai mashine.

Sukari yetu tusiilaumu. Hii ya kahawia hafifu tunayopimiwa dukani ina mabaki kidogo ya molasi, ndiyo maana inatoa povu na inawahi kubadilika rangi kuliko ile nyeupe. Kwenye pipi za chai hiyo wala si kasoro, maana rangi ya chai unaitaka. Engua povu, basi. Sukari guru ndiyo nisingekushauri uitumie kwa pipi ngumu: inaungua mapema na inavuta unyevu.

Kosa kubwa liko kwingine. Chai ya viungo ukiwa unainywa ni kitu kimoja, lakini ikiwa motoni ni makundi mawili. Rangi ya majani, uchungu wake na ukali wa tangawizi hubaki ndani ya shira hata ichemke vipi. Harufu ya iliki, mdalasini na karafuu ni mafuta mepesi yanayopaa pamoja na mvuke. Pipi ngumu haipatikani mpaka karibu maji yote yaondoke, na mvuke wote huo unapopanda unaibeba iliki yako. Siku ile ya jaribio la tatu nina hakika nyumba nzima ilinukia vizuri. Harufu iliyojaa jikoni ndiyo hiyo iliyokosekana kwenye pipi. Ungeongeza iliki mara mbili, ungenukisha nyumba mara mbili. Kwa hiyo chai lazima uigawe: majani na tangawizi mbichi viingie mwanzo, viungo vya harufu viingie mwisho, sufuria ikishaipuliwa.

Nitarudi kwenye vipimo. Kwanza tuelewane kuhusu shira yenyewe, kwa sababu hapo ndipo video nyingi zinapompoteza mtu.

Wengi wanadhani shira inakuwa ngumu kwa kuwa sukari imeiva. Sukari haiivi, maji ndiyo yanayopungua. Maji matupu yakishachemka hayapandi joto zaidi ya pale hata ukiongeza mkaa, bali shira inapanda joto kadiri maji yanavyoisha. Kwa hiyo kipimajoto ukikitia kwenye shira, kwa kweli kinakuambia maji yamebaki kiasi gani. Kwenye hatua ya tofi laini, sukari ni kama asilimia 85 ya kilichomo sufuriani. Kwenye hatua ya pipi ngumu inafika kama asilimia 99. Nafasi ya makosa ni ndogo sana hapo. Ukibakiza asilimia chache tu za maji, pipi itashika meno badala ya kupasuka, na ndiyo maana huwezi kungoja mwisho ndipo umimine kikombe cha chai ili kuongeza ladha. Utairudisha shira nyuma, na shira ya moto ule ikikutana na maji inaruka.

Sasa, nyuzi 150. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 na ushee. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi, siyo 100. Shira nayo inafuata mkondo huohuo: hatua ambayo mtu wa pwani anaifikia kwenye nyuzi 150, wewe unaifikia kwenye 146. Tena kipimajoto chenyewe kinaweza kuwa na walakini. Kuna njia moja inayosahihisha yote mawili kwa pamoja, nayo haina gharama. Chemsha maji matupu yatokote kwa nguvu, tumbukiza kipimajoto bila ncha kugusa sufuria, usubiri mshale utulie, kisha soma. Kikisoma 96, toa 4 kwenye kila namba ya mapishi ya mtandaoni. Kikisoma 94, toa 6. Andika namba hiyo ukutani karibu na jiko.

Lakini nisikudanganye: nyuzi nne peke yake haziunguzi shira. Sukari inaanza kugeuka kahawia ya karameli kwenye nyuzi 160 na kwenda juu. Kilichoungua kwako ni unga wa viungo na vipande vya majani vilivyolala chini ya sufuria, juu ya mkaa, tangu mwanzo mpaka mwisho. Na mkaa una tabia yake. Shira inakawia sana mwanzoni, kipimajoto kinakaa karibu palepale hata unahisi kimeharibika, halafu maji yakikaribia kuisha inapanda kwa kasi. Gesi unaifunga, mkaa hauufungi. Unachoweza kufanya ni kutoa nusu ya makaa shira inapofika nyuzi 125 hivi, kutumia sufuria yenye chini nene, na kuipua nyuzi mbili kabla ya namba yako, maana sufuria yenyewe inaendelea kupika baada ya kutoka jikoni. Weka karai la maji ya baridi pembeni. Ukiona imezidi kasi, gusisha chini ya sufuria kwenye maji hayo kwa sekunde chache, kwa uangalifu, hata tone lisiingie ndani.

Hakimu wa mwisho awe bakuli la maji ya baridi, siyo kipimajoto. Dondosha tone la shira ndani yake, lisubiri lipoe, litoe. Likiwa bonge laini unaloweza kulibonyeza, uko kwenye tofi. Likivutika kama uzi kisha likapinda kabla ya kuvunjika, bado kidogo. Likikatika "ka!" bila kupinda, na ukiling'ata halishiki jino, ipua sasa hivi. Kipimo hiki hakijali uko Dodoma, Mwanza au Unguja, kwa sababu kinapima ugumu wenyewe. Wakati unapima, sufuria iwe imetoka motoni, la sivyo shira itakupita huku umeinama kwenye bakuli.

Tuje kwenye mchanga. Mililita 100 za maji ya kawaida zinaweza kuyeyusha gramu 200 hivi za sukari. Maji hayohayo yakichemka yanabeba karibu gramu 490. Shira yako ikishakolea na kuanza kupoa, ina sukari nyingi kuliko inavyostahili kubeba, na sukari hiyo inatafuta pa kushika ili irudi kuwa punje. Punje moja ambayo haikuyeyuka pembeni mwa sufuria inatosha. Mwiko wenye sukari kavu unatosha. Kuikoroga ikiwa nzito kunatosha. Ikianza haizuiliki. Wapishi wa visheti wanalijua jambo hili kwa faida yao: wanavigeuzageuza kwenye shira makusudi mpaka sukari igande na kuwa nyeupe. Wewe uliipa shira yako matunzo ya visheti wakati unatafuta pipi. Na unga wa viungo uliokuwamo tangu mwanzo uliipa sukari mahali tele pa kushikia.

Kinga yake ni hii: koroga mpaka sukari iyeyuke yote *kabla* haijachemka, kisha toa mwiko na usiurudishe. Ikianza kutokota, funika sufuria dakika mbili ili mvuke uoshe kuta, au pitisha brashi safi iliyolowa maji kwenye kuta hizo. Kisha funua, iache ichemke yenyewe. Wengi wanaruka hatua hii kwa kuwa inaonekana ndogo, nami nakuomba usiiruke hata siku moja.

Kinga ya pili ni ndimu au limao, na aliyekushauri hakukosea, alikosea kiasi. Asidi ikichemka na sukari inaipasua sehemu yake kuwa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi. Hizi zinaingilia kati zisiache sukari ya kawaida ijipange kuwa punje. Ila fruktosi ina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani. Ukikamulia malimao mawili unaipasua sukari kupita kiasi, na pipi inayotoka inakunywa unyevu mpaka inalowa yenyewe. Kwa gramu 400 za sukari, kijiko kimoja cha chai cha maji ya limao yaliyochujwa kinatosha. Mapishi ya kigeni hutaja badala yake unga mweupe mchachu uitwao "cream of tartar", unaotokana na magamba yanayoganda ndani ya mapipa ya mvinyo. Inapendeza kukumbuka kwamba asili yake ni zabibu, zao ambalo wakulima wa Hombolo na Makutupora wanalijua vilivyo, ingawa unga wenyewe utaukuta kwenye maduka ya vifaa vya keki tu. Ukwaju pia una asidi ya aina hiyo, lakini nyama yake ina chembechembe, na kwenye pipi chembechembe ni adui.

Hapa kuna jambo la Dodoma ambalo huwezi kulikuta kwenye video yoyote. Kama maji yako ni ya kisima, yale yenye chumvichumvi yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, yanaua sehemu ya asidi ya limao kabla haijafanya kazi. Chai nayo inakuwa nyeusi iliyofifia, na juu inaelea utando. Mtu anaongeza limao, leo linatosha, kesho limezidi, haelewi kwa nini. Kwa pipi tumia maji ya chupa au ya mvua yaliyochujwa. Unahitaji glasi moja na kidogo tu, kwa hiyo hayatakufilisi.

Ukitaka uhakika zaidi ya limao, nunua glukosi nzito ya waokaji, ile inayonata kama asali na haina rangi. Gramu 100 kwa gramu 400 za sukari, na limao unaliacha kabisa. Pipi zinazotokana nayo hazinati upesi na hazigeuki mchanga kirahisi. Ubaya wake ni bei, na inabidi uitafute mjini. Usichanganye na glukosi ya unga ya kopo wanayopewa wagonjwa. Ile si kitu kilekile, na inawahi kuipa shira rangi ya kuungua. Kwa majaribio yako ya sasa ningebaki na limao. Ukianza kuuza kwa wingi, hamia kwenye glukosi.

Basi, vipimo. Ponda kipande cha tangawizi mbichi ukubwa wa kidole gumba, kichemshe kwenye mililita 300 za maji kwa dakika kumi. Tia vijiko viwili vya chakula vya majani ya chai, yachemke dakika tatu, ipua na ufunike dakika mbili. Chuja kwa kitambaa cheupe bila kukikamua, maana ukikamua unatoa vumbi la majani ambalo litakuungulia baadaye. Pima mililita 200 za chai hiyo. Itakuwa nyeusi na chungu kiasi kwamba huwezi kuinywa, na ndivyo inavyotakiwa: utamu wa sukari tupu unameza chai ya kawaida, pipi ikabaki na rangi bila ladha. Wanaoogopa uchungu huu ndio wanaoishia kuuza pipi za sukari zilizopakwa rangi.

Viungo vitayarishe vikavu kabisa. Mbegu za iliki kama kumi na tano ulizozibambua siku hiyohiyo, mdalasini nusu ya kidole, karafuu tatu, pilipili manga tano, na nusu kijiko cha chai cha tangawizi kavu. Twanga kwenye kinu kidogo au usage, kisha chekecha kwa kitambaa laini mpaka upate unga kama poda. Kilichobaki juu ya kitambaa tia kwenye chai ya kesho asubuhi. Karafuu usizidishe, mafuta yake yanatia ganzi ulimi. Na iliki ya kununua ikiwa imeshasagwa imekwisha kupoteza nusu ya kazi yake ukiwa bado hujaifungua. Tangawizi umeona nimeiweka mara mbili: mbichi mwanzoni kwa ajili ya ukali, kavu mwishoni kwa ajili ya harufu.

Sukari gramu 400, chai ile mililita 200, limao kijiko cha chai. Pasha kwa moto mdogo ukikoroga mpaka usisikie mkwaruzo wowote chini ya mwiko. Toa mwiko, osha kuta, acha ichemke, pima kwa bakuli. Ikifika, ipua, subiri dakika moja mpaka mapovu yatulie, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha unga wa viungo juu yake na uukunje ndani kwa mwiko mkavu mara nne au tano, usizidishe. Harufu itakupanda usoni, na safari hii nyingi itabaki ndani. Mimina kwenye sinia ulilolipaka mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, kiasi cha kung'aa tu. Kingo zikianza kujishikilia, weka alama za miraba kwa kisu kilichopakwa mafuta, rudia alama hizo mara mbili tatu zikiendelea kupoa, halafu ikishakuwa baridi vunja kwa kufuata mistari. Utapata pipi 80 hadi 100 za gramu nne au tano.

Zikipoa tu, zifungwe. Saa hiyohiyo, siyo jioni. Kila moja kwenye karatasi yake, zote kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Sisi wa kanda ya kati tuna bahati ambayo watu wa pwani hawana: kuanzia Mei mpaka Novemba hewa yetu ni kavu, na pipi iliyopikwa vizuri inakaa wiki nyingi bila kulowa. Mvua zikianza, Desemba mpaka Aprili, usipike siku ya mawingu mazito, na usiache chupa wazi mezani ukihudumia wateja. Zikigeuka mchanga au zikinata usizitupe. Ziyeyushe kwa maji, chuja, upike upya au utilie chai.

Kuhusu maziwa. Kwanza, maziwa na limao havikai chungu kimoja. Asidi inayagandisha, hakuna ujanja. Pili, tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa hata bila limao, na kinakufa kwa kuchemshwa, ndiyo maana wapika chai wazoefu wanachemsha tangawizi kwenye maji kwanza ndipo wanatia maziwa. Tatu, maziwa yaliyolala yana asidi tayari, yatakatika hata uyabembeleze. Lakini hata yasingekatika, maziwa hayafai kwa pipi ngumu. Yanaungua mapema mno kabla shira haijafika nyuzi zile. Anayetaka ladha ya chai ya maziwa atengeneze tofi laini, ambayo kwa Dodoma inaishia nyuzi 114 hivi.

Na tofi, nakwambia kweli, ndiyo ambayo ningeianza nikiwa mahali pako. Moto wake ni mdogo, haina hatari ya mchanga kwa kiwango kile, na inapokea harufu vizuri zaidi, kwa sababu mafuta ya viungo yanayeyuka kwenye mafuta ya maziwa na kushikiliwa humo. Pasha gramu 60 za siagi au samli kwa moto wa chini pamoja na iliki na mdalasini vilivyopondwa, dakika tano bila kukaanga, kisha chuja. Tia kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, gramu 150 za sukari, na robo kikombe cha chai yako nyeusi ya tangawizi, bila limao. Hii unaikoroga muda wote bila kuacha, tofauti na ile ya kwanza, maana protini na mafuta ya maziwa yanazuia punje na usipokoroga itashika chini. Tone likiwa bonge linaloshika umbo lake kwenye maji ya baridi, mimina, ikate ikipoa. Haikai kama pipi ngumu. Iuze na iliwe ndani ya wiki mbili.

Asali ya Manyoni na Itigi naipenda kama mtu mwingine yeyote wa kanda hii, lakini ina fruktosi nyingi, kwa hiyo pipi ngumu ya asali tupu italowa upesi. Kijiko kimoja au viwili vya chakula ndani ya tofi vinaleta ladha nzuri, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Kwa mama yako jibu ni hapana. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, na mwilini inapandisha sukari ya damu. Kwamba ni ya asili hakubadilishi hilo. Pipi ya asali kwa mwenye kisukari ni pipi. Kama anatamani ladha, mpe chai yenyewe ya viungo bila sukari, na akiwa kliniki amuulize daktari au mtaalamu wa lishe anaweza kula nini na kiasi gani. Wao wana vipimo vyake, mimi sina.

Wateja wako wataziita pipi kifua, na wengine watakuuliza zinatibu nini. Zinalainisha koo linalokereketa, basi. Usiseme zinatibu mafua wala kikohozi. Anayekohoa wiki mbili na zaidi aende akapimwe kifua kikuu, asinunue pipi. Na usiwape pipi ngumu watoto wa chini ya miaka minne, zinaweza kuwapalia.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo wote: shira ya nyuzi 146 siyo maji ya moto. Maji yanatiririka yakaondoka, shira inashika ngozi na kuendelea kuichoma. Unapopika, watoto wawe nje ya jiko, vaa viatu vilivyofunika vidole, na jiko la mkaa likae mahali tambarare lisiyumbe. Ikikuangukia, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usiibandue shira iliyoganda, maji yataiyeyusha. Usipake dawa ya meno, siagi, unga wala asali. Ukiungua eneo kubwa kuliko kiganja chako, au usoni, mikononi au kwenye kiungo, na kama aliyeungua ni mtoto hata iwe kidogo, nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo.

Ukishapata pipi zinazotoka sawa kila unapopika, nenda ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, uonane nao ana kwa ana kabla hujachapisha lebo. Wanafundisha usindikaji, na ndio wanaowaandikia wajasiriamali wadogo barua ya utambulisho kwenda TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambako eneo la kusindika na bidhaa husajiliwa. Kwa kuuza dukani au kwenye mabasi hilo haliepukiki. Chukua daftari lenye vipimo vyako kwa gramu na tarehe ya kila mpiko, pamoja na chupa mbili za pipi: moja ya juzi, na nyingine iliyokaa mwezi mzima kwenye rafu bila kufunguliwa, kwa sababu jambo moja watakalotaka kujua ni pipi zako zinakaa muda gani.